Jinsi Nkubu Ilivyompeleka Wakili Kaimenyi Bungeni

Kaimenyi alikuwa wakili hodari, na hilo ndilo lililowachosha watu wa Nkubu. Asipokuwa na mteja, alijitafutia kesi mwenyewe. Alimshtaki jirani yake Mbaka kwa sababu matawi ya mparachichi wake yalivuka ua. Akaishtaki kwaya kwa kufanya mazoezi wakati wake wa kulala mchana. Jumapili moja padri alitangaza kwamba misa ijayo itachelewa, na kabla hajamaliza, Kaimenyi alikuwa amesimama akiuliza tangazo hilo limetolewa kwa mamlaka gani.

Aliyepata dawa ni mkewe, Felicitas, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Uchaguzi ulipokaribia, aliwaambia wenzake walipokuwa wakimenya viazi vya kupondea mukimo wa harusi:

"Mzee wangu hawezi kuacha kubishana. Basi tumpeleke mahali watu wanalipwa kubishana."

Mbaka, aliyekuwa akiwapasulia kuni, akashusha shoka. "Bungeni? Yaani atakuwa akikaa Nairobi?"

"Na kamati zikiwa nyingi, hata wikendi haji."

Mbaka alianza kampeni jioni ile ile.

Kaimenyi mwenyewe alishangaa kupendwa ghafla. Watu aliowaburuta mahakamani walimbeba mabegani, nayo kwaya ikamtungia wimbo. Aliposhinda alitokwa na machozi, akasema wananchi sasa wameijua thamani ya sheria. Felicitas alimpa leso, akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Nkubu ikapumua. Kisha ukaletwa bungeni mswada wa kilimo. Wenzake waliusoma juu juu. Kaimenyi aliusoma kama hati ya mpinzani, akakuta kifungu kinachomtaka mkulima awe na leseni ndipo auze ndizi zake, hata kama anauzia langoni pake. Akasimama kwa hoja ya nidhamu. Akaketishwa. Akasimama tena. Alitaka kuelezwa maana ya "mkulima", kisha "ndizi", kisha "lango". Saa ya chakula ikapita, matumbo yakanguruma. Mwishowe mbunge mmoja akamnong'oneza aliyeleta mswada, "Ondoa hicho kifungu, ndugu yangu, tukale."

Kikaondolewa.

Aliporudi Nkubu, wakulima walimchinjia mbuzi. Mbaka, furaha ikiwa imempanda kichwani, akashika kipaza sauti. "Na kumbe tulimchagua ili aende zake tupumzike!"

Watu wakaacha kutafuna. Kaimenyi alingoja mpaka walipofika kwake, akamgeukia Felicitas.

"Mama Karimi, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Wazo la nani?"

"Langu."

Akaketi, uso umemshuka. "Kumbe mlikuwa mnanikimbia."

"Baba Karimi, ulikuwa unamwinda Mbaka kwa bunduki ya kuulia ndovu. Nilitaka upate ndovu."

Alijaribu kukasirika. Akashindwa, ingawa alilala bila kumwambia mkewe usiku mwema.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, Kaimenyi alisimama kanisani akatangaza kwamba amechoka na Nairobi, na kwamba anarudi kufungua ofisi yake ya uwakili. Jua halijatua, ujumbe ulikuwa sebuleni kwake, Mbaka akiwa mbele na jogoo kwapani.

"Mheshimiwa, tunakuomba uendelee."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu... unatufaa."

"Ninawafaa nikiwa huko, au msipokuwa nami hapa? Jibu swali."

Aliwahoji wote, mmoja mmoja, kama mashahidi. Aliyejibu ovyo aliulizwa upya. Zamu ya Mbaka iliporudi, jasho lilikuwa likimtiririka.

"Sawa, tulikutuma huko ili utuache," akasema. "Lakini yule mwenzako anayetaka kiti hicho hata hajui kusoma mswada hadi mwisho. Tukiuziwa mbuzi kwenye gunia, nani atatufungulia?"

Kaimenyi akakuna kidevu, akasema ombi lao ni zito, atalitafakari kwa muda.

Jikoni, Felicitas aliongeza maji kwenye sufuria ya chai, akijizuia kucheka. Mabango mapya ya kampeni ya mumewe yalikuwa yameshachapishwa, yamerundikwa chini ya kitanda, na ni Felicitas mwenyewe aliyeyachagulia rangi.