Bahati Yenye Povu

Mtu asiniambie habari ya bahati. Mtaa mzima unasema mume wangu aliangukiwa na bahati, eti Mungu alimfungulia mlango, na mimi nikilisikia neno hilo damu inanichemka. Bahati gani ile iliyonuka sabuni? Wenzangu bahati zao ziliwakuta wamekaa. Hii ilinikuta nimeinama kwenye beseni, na nikabaki nimeinama mpaka ilipokwisha.

Sisi ni madobi. Tuna chumba cha mbele na ua wa nyuma. Mbele anakaa mume wangu na pasi yake, meza yake, redio yake na wateja wake. Uani niko mimi na mabeseni, brashi na kamba za kuanikia. Na kazi hii niliianza mimi, yeye akiwa bado ameajiriwa kwenye ghala. Walipompunguza kazini nikamwambia njoo tusaidiane, akaja, akashika pasi. Sikatai, kupiga pasi anajua; shati likitoka kwake unaogopa hata kulikunja. Lakini aliposhika pasi alishika na mlango, na huyo anayekaa mlangoni ndiye watu wanamwita bosi. Mimi nikipita na ndoo wananiuliza kama bosi yupo.

Sasa sikiliza hiyo bahati ilivyokuja. Umeme ulikatika mji mzima, uliporudi ukarudi kwa fujo, ukaunguza mashine zote za kufulia za hoteli moja kubwa. Hoteli yenyewe imejaa wageni wa mkutano. Meneja wao, mama mmoja mwenye haraka zake, akazunguka kwa madobi wote, wote wakamkatalia. Kwetu akamkuta bosi. Bosi hakuja uani kuniuliza. Akasema, "Lete tu, mama, hapa hatushindwi na kitu." Hatushindwi, yeye na nani?

Gari likashusha mashuka, foronya, taulo, vitambaa vya meza vyenye madoa ya mvinyo na mafuta. Ua ukajaa mpaka kuku wa jirani wakakosa pa kupita. Tulifua mimi na wifi yangu, dada yake mume wangu, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo. Asubuhi ikitukuta tumo, jua likizama bado tumo, gari linachukua safi na kushusha chafu. Dawa ya madoa ilikuwa kali. Ngozi ya vidole vyangu ikalainika, ikachubuka, kisha ikapasuka kwenye viungo. Nikikamua shuka naona alama nyekundu, inabidi nilirudie. Wifi akaniangalia akasema, "Hivi wewe uliolewa kwetu au uliajiriwa?" Nikamwambia walioajiriwa wana mshahara. Tukacheka, maana kulia kungetuchelewesha.

Hoteli ililipa mara nne ya bei yetu ya kawaida, na mzigo wenyewe ulikuwa kama mlima. Hela ambayo hatukuwahi kuiona tangu tuzaliwe. Na mimi niliambiwa na nani? Fundi viatu wa jirani. Alipita kwenye uzio akanipa hongera, nikadhani ananitania. Kumbe hela imeingia kwenye simu ya mume wangu, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye kibao cha duka ni yake, na yeye alishaitangaza barazani kabla hajanitangazia mimi.

Basi washauri wakaanza kumiminika. Fundi viatu alimshauri anunue pikipiki akodishe. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alitaka wafuge kuku wa mayai, na yeye mwenyewe awe msimamizi, mtu ambaye kuamka tu ni kazi. Akaja pia yule rafiki wa mume wangu tunayemwita Mtaalamu, ambaye biashara zake zote zilikufa na hakuna aliyewahi kuomba radhi kwa marehemu. Huyo akakunja nne, akanywa chai yangu, akasema mtu akipata mtaji lazima apanuke. Apanuke. Neno hilo likamwingia mume wangu kichwani, akawa anatembea nalo nyumba nzima.

Nilingoja wageni waondoke. Nikamwekea chakula, nikakaa mbele yake, nikamwambia taratibu kabisa kwamba hela ile inatosha kununua mashine ya kufulia, nzuri, kubwa, na chenji inabaki. Nikamwambia mikono yangu imekwisha. Hakuinua hata macho kwenye sahani.

"Mashine inakula umeme," akasema. "Wewe huli umeme."

Akacheka. Alidhani amesema kitu cha kuchekesha, akaningoja na mimi nicheke. Nikaondoa vyombo. Ningebaki pale ningesema neno ambalo mke akilisema hawezi kulirudisha.

Akaenda akapanga chumba karibu na maofisi, akalipia mbele miezi mingi. Akatia kaunta ya kioo, kiti cha kuzunguka, kibao chenye taa. Akakiita Tawi. Sasa wewe mwenye akili zako nieleze. Duka la mkate likifungua tawi, linaongeza na tanuri. Huyu wangu aliongeza mlango wa kupokelea nguo chafu tu. Mahali pa kufulia ni ua ule ule, mikono ya kufua ni hii hii. Watu wa maofisini wakafurahi, wakaleta mashati meupe mafurushi kwa mafurushi, na shati jeupe kola yake haitaki mchezo, inataka ifikichwe kwa vidole. Kila jioni mafurushi yanateremshwa uani, na mume wangu anauliza kwa nini ya jana hayajakauka.

Kidole changu cha kati kikavimba, kikaanza kutoa usaha. Nikaenda zahanati. Muuguzi akakishika, akakunja uso, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu akasema waziwazi, "Mama, usitie mkono huu majini. Kidonda kikifika kwenye mfupa, kidole tutakikata." Akanifunga bandeji, akanipa vidonge.

Nikampelekea mume wangu maneno hayo kama nilivyoyapokea, sikutia chumvi. Akasikitika, ndiyo, alisema pole. Kisha akaniomba nivumilie mpaka mwisho wa mwezi, kwa sababu uzinduzi rasmi wa Tawi ulikuwa umekaribia na haifai wateja wapya waanze kulalamika. Anaambiwa kidole, yeye anazungumzia uzinduzi. Nikavumilia. Nikafua kwa mkono mmoja na nusu, wifi akimalizia, na homa ikawa inanipanda kila nikilala.

Siku ya uzinduzi walijaa watu. Mume wangu amevaa tai. Mtaalamu alipewa nafasi ya kuzungumza, akasema mambo ya maono na ujasiri, watu wakaitikia. Kisha mume wangu akasimama nyuma ya kioo chake, akashukuru kila mtu, mpaka aliyepaka rangi. Mwishoni akasema hawezi kumsahau mama watoto, nguzo yake, na akatoa kifurushi kilichofungwa utepe. Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Moyo wangu, mjinga huyo, ukaruka. Nikasema labda ni risiti, labda mashine iko njiani na alitaka kunishtukiza.

Nikafungua. Zilikuwa glavu za mpira. Jozi moja, za manjano.

"Vaa tuone, mama," Mtaalamu akasema.

Nikavaa. Zikanipwaya. Ncha za vidole zikaning'inia tupu, na kwenye kifundo palikuwa na nafasi ya kumimina kikombe kizima cha maji. Nikatazama ile mipira, nikamtazama yule mwanaume niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote, na ndipo nikaelewa alivyozinunua. Nilizivua, nikazunguka kaunta, nikamshika mkono mbele ya watu wote, nikamvisha moja. Ikamkaa sawasawa.

"Umepima mkono wako," nikamwambia. "Wangu huujui."

Yeye akatabasamu lile tabasamu la kuomba mtu asiendelee, na mimi nikaendelea.

"Basi glavu zimempata mwenyewe. Mzigo uko uani."

Nikakaa kwenye kile kiti cha kuzunguka. Watu walidhani ni utani wa mume na mke, wakacheka, wakanywa soda zao, wakaondoka. Yeye pia alidhani hivyo. Asubuhi yake alikuta nimeshajifunga kilemba, nimechukua funguo za Tawi, naondoka. Akamkimbilia dada yake. Wifi akamjibu kwamba mgongo unamuuma, tena akamtajia upande unaouma, na upande ule ulihamahama kila alipoulizwa.

Akafua. Alikuwa na mashati ya ofisi nzima na hana pa kukimbilia. Glavu alizitupa siku ile ile, kwa sababu kola haifikichiki kwa mpira, jambo ambalo angeniuliza ningemwambia bure. Mimi mjini nilipokea nguo, nikawaambia wateja ukweli, kwamba mfuaji ni mgeni wa kazi, wawe na subira. Kidonda changu kikaanza kukauka.

Wiki haikuisha. Alikuja Tawi mchana, wateja wakiwa wamepungua, akasimama upande wa nje wa kioo. Akanyoosha mikono yake yote miwili mbele yangu. Ilikuwa myekundu kwenye viungo, na kidole gumba kilikuwa na mpasuko mdogo, mdogo kabisa.

"Tazama," akasema. "Inauma, mama watoto. Hujui inavyouma."

Mimi. Mimi sijui inavyouma. Nilikuwa bado na bandeji. Niliuweka mkono wangu juu ya kioo, karibu na wa kwake, nikauacha pale. Aliendelea kunieleza habari za kidole gumba chake.

Kesho yake alienda kwa mwenye chumba, akarudishiwa kodi ya miezi iliyobaki, akauza kaunta na kiti. Mashine ikaletwa kwa mkokoteni, ipo uani sasa hivi, inazunguka. Wifi ananiambia nishukuru, mume wangu amesikia. Mama mkwe amenipigia simu kunipongeza kwa mume msikivu. Sitashukuru. Vidole vyangu vilimpakulia chakula kila jioni vikivuja damu, hakuviona. Cha kwake kimoja kilipochubuka, hela ya mashine ikapatikana siku ya pili.