Jiwe la Profesa Osoro

Sabato ilipoisha, jua likiwa limezama nyuma ya migomba ya Sironga, Profesa Osoro alitoka kaburini, akaketi kwenye kigoda alichowekewa na mjane wake, kisha akauliza, "Kemuma, umefika wapi?"

Alivaa suti aliyozikwa nayo. Kemuma, mwanafunzi wake wa uzamivu, alimsalimu kwa heshima na kukiri kwamba bado amekwama. Utafiti wao ulikuwa hisabati ya mafundo: lipi hufunguka ukilivutavuta, na lipi halifunguki mpaka ukate kamba. Chuo chao kikubwa kule Nairobi hakikuwa na mtu mwingine wa kusimamia kazi hiyo. Kwa hiyo Profesa alipofariki na kurudishwa kwao kuzikwa, idara haikumbadilisha. Ilimwarifu tu Kemuma kwamba msimamizi wake sasa anapatikana Nyamira, jioni, isipokuwa Ijumaa, Sabato inapoingia.

Mjane, Nyakerario, alileta chai. "Akiwa hai hakukaa nyumbani hivi," alisema. "Na sasa nikimwita, ati ana mwanafunzi."

Karatasi zililowa kila Profesa alipozishika, basi walitumia kaburi lenyewe. Lilifunikwa kwa bamba pana la jiwe laini kutoka machimbo ya Tabaka, na Kemuma aliandika juu yake kwa kipande cha mkaa kutoka jikoni. Profesa alisoma akiguna. Alipokuta kosa alilifuta kwa kidole, na pale alipofuta palibaki baridi mpaka kesho yake.

Jioni moja wingu zito likiwa limetanda, uthibitisho ulimjia Kemuma wote kwa mkupuo. Aliandika mpaka ukingo wa jiwe. Profesa alisoma mpaka mstari wa mwisho, wala hakufuta kitu.

"Ni sahihi," alisema.

Kemuma alilia kwa furaha, wala hakuona haya.

Usiku mvua ilinyesha ikaosha mkaa. Asubuhi hesabu yote ilikuwa imechongeka ndani ya jiwe, chini ya jina la Profesa, kwa mwandiko wa Kemuma. Fundi aliyelileta bamba kutoka Tabaka alikuja akapapasa herufi. "Hii si patasi," alisema. "Imetoka ndani." Akanywa uji, akaenda zake.

Jioni Kemuma alimkabili msimamizi wake. "Prof, hii ni kazi yangu."

"Ni yako. Nani amekataa?"

"Lakini jina ni lako."

"Kaburi ni langu," Profesa alisema kwa upole. "Ulitaka liandikwe jina la nani?"

Idara ilikuja kwa basi la chuo. Walisali, wakampa Profesa mkono, wakapiga picha za jiwe, na mwenyekiti, Daktari Ojwang, akatangaza kwamba ulimwengu umepata Nadharia ya Osoro. Kemuma alipowasilisha tasnifu yake, jopo lilimwonea huruma kwelikweli. Lilimweleza kwamba matokeo hayo tayari yako hadharani, na kunakili kazi ya msimamizi ni kosa kubwa. Hawangemfukuza. Angeanza upya, mada mpya, msimamizi yule yule.

Jumamosi iliyofuata alikaa mbele ya Profesa bila kugusa mkaa. Alikuwa na wazo lingine. Lilikuwa bora kuliko la kwanza, naye alilijua hilo, na aliliminya kifuani kwa uchungu.

"Usiponionyesha kitu," Profesa alisema, "nitawaambiaje kwamba unaendelea?"

Kemuma alitazama chini. Upande wa miguuni jiwe lilikuwa limekua. Kulikuwa na nafasi mpya, nyeupe, isiyo na mkwaruzo, na udongo wa pembeni ulikuwa umesogea kulipisha. Nyakerario naye alikuwa ameiona. Alisogeza taa upande huo.

Kemuma alimchukia mzee yule kwa moyo wake wote. Kisha akapiga magoti na kuanza kuandika, kwa sababu wazo lilikuwa zuri, na hapakuwa na mtu mwingine wa kulisoma.