Nusu Iliyopandishwa

Uvumi ulianzia saluni, ukamganda mama kama kupe: eti nesi wa wodi ya watoto kampa kichanga dawa mara mbili ya kipimo, na kichanga amekufa.

"Kalewa huyo," alisema msusi, huku akimvuta nywele. "Siku hizi dozi inapangwa na kompyuta. Kompyuta inakunywa pombe, jamani?"

Wanawake wakacheka. Mama hakucheka. Binti yake ndiye anayeandika programu ya hospitali ile, na tangu juzi hali chakula.

Alimkuta jikoni, sufuria inaungua mbele yake.

"Mwanangu, nesi alikosea?"

"Alifuata kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta, mama."

"Na kioo?"

Binti akazima jiko. "Kwenye programu kuna kitu tunakiita Namba. Hesabu zote za hospitali ni watoto wake. Anachokijua yeye, zote zinakijua. Mimi nilikuwa natengeneza ukurasa wa stoo. Kule chupa ikifunguliwa huhesabiwa nzima. Badala ya kuandika hivyo kwenye ukurasa wangu tu, nikamwongezea Namba mwenyewe ujuzi wa kukadiria: nusu ipande iwe moja."

"Enhe?"

"Kumbe alikuwa na ujuzi wa jina hilo hilo tangu zamani, unaoacha nusu ibaki nusu, na ukurasa wa dozi unautegemea. Wangu ukaufunika. Kompyuta haikuguna hata. Stoo ikaenda sawa, nikapongezwa. Wodini, nusu mililita ikawa nzima."

Mama akafunga mlango wa jikoni. "Nani anajua?"

"Mimi tu. Nimeshaufuta ujuzi ule. Nesi kasimamishwa, kesho anapelekwa polisi."

Neno "nyamaza" lilimfika mama ulimini. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini aliyezikwa pia ni mwana wa mtu, na nesi ana mama yake. Akalimeza, akamletea binti viatu.

"Vaa twende polisi, kabla moyo wangu haujageuka."

Nesi aliondolewa lawama. Binti hakurudi nyumbani.

Mama alikomea shule ya msingi, lakini haya binti alimweleza nyuma ya wavu wa gereza, naye huwaambia wote wanaosomea kazi ile:

Usikiongezee ujuzi kitu cha wote kwa haja ya ukurasa wako.
Usitumie jina kabla hujatazama kama lina mwenyewe.
Usijaribu chumba kimoja ukasema nyumba yote ni salama.
Usifute kosa kimya kimya.
Usingoje akamatwe mwingine.