Seva Mbili na Watu wa Treni

Jumatatu saa tatu asubuhi Odile aliweka seva mbili juu ya meza moja, akawasha jenereta, akaanza kuzishindanisha. Ofisi ya orodha ya wakazi wa Kindu, mashariki mwa Kongo, ilitaka kujua ipi itunze hifadhidata ya majina. Ile mpya ilikuwa na kichakataji kimoja chenye viini thelathini na viwili, na bodi mama yake ilipitisha data za kumbukumbu kwa njia nane. Ya zamani ilikuwa na vichakataji viwili vilivyochoka, vimechomekwa kwenye bodi mama pana iliyoletwa kwa mashua kutoka Ubundu, ikafika na kutu pembeni. Humo ndimo makarani walimonakili majina yote ya madaftari ya kabla ya vita.

Jaribio lilikuwa moja kwa zote mbili: soma wakazi wote. Mpya, iliyopewa nakala ya majaribio tu, ilijibu kwa sekunde tatu. Ya zamani ilichukua dakika arobaini, kwa kuwa ilisoma jina mojamoja, na waliosomwa walianza kufika. Walio hai hawakuja, walikuwa na shughuli zao. Walikuja waliokufa vitani. Walipanga mstari kwenye korido, wakajibana ukutani ili wateja wapite, na Odile akaandika kwenye fomu: dakika arobaini na sekunde kumi.

Wa kumi na saba alikuwa baba yake, Okito, fundi wa breki za treni. Mwaka 1999 treni yake ilisimamishwa na watu wenye bunduki upande wa Kibombo, na tangu siku hiyo hakuonekana. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi mapajani. Odile alimpa kiti.

"Mutoto wangu, umekuwa mukubwa," alisema.

"Ndiyo, baba."

Kwenye orodha Okito alikuwa bado hai, maana hakuna aliyeleta hati ya kifo. Kwa hiyo mkewe, Bernadette, hakuwa mjane. Aliwahi kutaka kuweka matanga, na Abdoul, mdogo wake Okito, akamkatalia. "Mutu leta, serikali yenyewe, inasema iko muzima, weye unamulilia? Unamuloga," alimwambia, na ukoo mzima ukamuunga mkono Abdoul. Bernadette akaishi hivyohivyo, hana mume wala msiba.

Jioni Odile alimwambia mama yake kwamba baba yuko ofisini, suruali imemlowa. Bernadette aliendelea kuchambua mchele hadi ukaisha. Kisha alifungua sanduku, akatoa suruali kavu.

"Mupelekee hii. Miye nitakuja siku watamuandika kama alikufa."

Kesho yake Odile alirudia jaribio, na Okito akarudi. Suruali ilimtosha vilevile. Odile alimpeleka kwa Michel, mkuu wa ofisi, mtu mpole aliyependa fomu zilizojazwa sawasawa.

"Nataka muniandike nilikufa," Okito alisema.

"Hakuna shida, papa. Lete mashahidi wawili wenye waliona."

"Biko hapa. Isidore na Pélagie. Tulikuwa vago moja ya ile treni."

Wawili hao walijitenga na mstari, wakasalimia kwa adabu.

"Na bo wawili walikufa?"

"Walikufa pamoja na miye, shefu."

Michel alitazama orodha, akaona wote watatu wameandikwa hai. Alisikitika kwa dhati. "Muzima hawezi kuandikisha kifo chake, papa. Na mutu mwenye alikufa hawezi kuwa shahidi. Sasa nifanye namna gani?"

Okito alimshukuru, akarudi kwenye nafasi yake ya kumi na saba.

Ijumaa Michel alimuuliza Odile nini kinaichelewesha ile ya zamani. Odile alisema ukweli: vichakataji ni dhaifu, na tena kuna majina elfu nne mia tatu na kumi na mawili ambayo tangu vita hayana hati yoyote. Michel alichagua seva mpya na kuagiza majina hayo yasihamishwe, yanapunguza mwendo. Odile ndiye aliyeyafuta kabla ya kuhamisha mengine. Aliumia, aliumia sana, ila maumivu hayakufika mikononi, na mikono ikamaliza kazi.

Kisha akazima seva ya zamani. Watu wa korido hawakuondoka, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waondoke. Okito alikuja akasimama nyuma ya kiti cha binti yake.

"Sasa soma mama yako."

Odile aliandika jina. Kwa kuwa jina la mume halikuwepo tena, seva ilijaza nafasi hiyo yenyewe: Bernadette, mkazi wa Kindu, hajaolewa.

Okito aliinama, akasoma mara mbili, polepole, kidole chake karibu na kioo.

"Iko mbio," alisema.

"Iko mbio sana, baba."

Odile aliandika muda kwenye fomu, sekunde sifuri nukta mbili, akaipeleka kwa Michel atie sahihi.