Udongo Unaokunywa

Mwanangu Clément alinipa sharti moja tu. Atarudi kutoka Cape Town na mke wake na watoto, tukae pamoja, mradi kile kiwanja nilichonunua kwenye barabara ya Kasenga kiweze kubeba nyumba yenye choo cha ndani. Huko mabomba ya mji hayafiki, wala ya maji safi wala ya maji machafu. Unachimba kisima chako, unachimba na shimo la kupokea uchafu wako, na viwili hivyo havitakiwi kujuana. "Maman, batoto bangu habawezi kuenda ku choo ya inje," aliniambia kwenye simu. Utadhani yeye alizaliwa ikulu.

Lakini nilifurahi, nisidanganye. Tangu baba yake afariki naongea na redio. Pale ninapopanga, Kampemba, ua mzima umejaa watu, na kila mtu ana watu wake. Jumapili wakitoka misa nasikia sahani zinagongana kila mlango, na mimi nasonga bukari ya kutosha kiganja changu. Inaniuma. Wakinialika nasema nimeshiba.

Kiwanja nilikichagua kwa ajili ya kichuguu chake. Mtu gani wa Lubumbashi anaona kichuguu asione matofali? Kilikuwa kirefu kuliko paa la jirani, nikajisifu kwamba nyumba yangu imeshasimama, inangoja kukatwa tu. Mumba, fundi wa visima na mashimo, alipokiona akaguna.

"Maman Clément, hii bulongo ya matofali njo ile inakatalaka mayi. Mayi ya choo itaenda wapi? Itakurudilia ku mulango."

"Weye unasema tu. Pima!"

Akachimba kishimo karibu na kichuguu, akamimina maji. Maji yakakaa. Tukayatazama, nayo yakatutazama. Tulingoja mpaka kivuli kikatuhama, na hayakushuka hata upana wa kidole. Nikakitukana kishimo, nikawatukana mchwa na ukoo wao wote. Mumba akacheka, nikamtukana na yeye. Kisha nikakaa chini kwenye majani. Niliona wajukuu wangu wanazeekea ugenini bila kujua harufu ya nguo yangu.

"Tujaribu kule chini," Mumba akasema, kwa upole sasa. "Kisima itabakia huku juu, shimo kule mbali."

Kule mwisho wa kiwanja, chini ya majani, udongo ulikuwa mwekundu, wa changarawe. Alimimina maji ya kwanza ya kuulowesha, akangoja, akamimina mengine. Nikachuchumaa juu ya kile kishimo kama mtu anayelinda chungu cha maharage. Maji yakashuka. Yalishuka taratibu, bila fujo, yakaacha alama ya unyevu ukutani. Akamimina tena, yakashuka tena. Mumba akapima kwa kijiti chake, akatembea akihesabu hatua mpaka mahali pa kisima, akarudi.

"Inakunywa, Maman. Nyumba inaweza kusimama hapa."

Nililia, na sikuona aibu. Nikatoa simu hapo hapo, mikono ina matope.

"Clément, niko ku parcelle. Tumepima bulongo."

"Imekatala?" akadakia kabla sijaendelea. "Mi nilijua, Maman. Kama imekatala, usijisumbue. Haina kosa ya muntu."

Sauti yake ilikuwa nyepesi. Kwa miezi mingi nilikuwa nikiisikia imebanwa kila nilipotaja nyumba, nikadhani ni uchovu wa kazi. Sasa ilikuwa imefunguka kabisa, kama siku ile aliyopata diplome. Mimi ndiye niliyemzaa mtoto huyu. Najua anavyoongea akiwa anaomba kitu.

"Imekatala," nikasema.

"Kabisa?"

"Kabisa. Mayi inabakia tu pale juu."

"Ah, pole, Maman. Pole sana. Tutaona siku ingine."

Akaanza kupiga stori. Akanieleza kuhusu meno ya mtoto wake mdogo, kuhusu mke wake na kwaya ya kanisa, akaniuliza goti langu linaendeleaje. Alicheka, mimi pia nikacheka. Mwaka mzima hatukuwa tumeongea vizuri namna ile.

Nilipokata simu, Mumba alikuwa amesimama na bidon tupu la maji mkononi. Alikuwa amesikia kila neno. Alitazama kishimo, ambacho hakikuwa na tone la maji tena. Nikajifuta mikono kwenye kitenge.

"Sasa, Maman," akasema, "nichimbe ao niache?"

"Chimba."

"Shimo inafwataka hesabu ya bantu. Batalala bangapi mu nyumba?"

"Muntu moya," nikamjibu. "Chimba kadogo."