Mtungi Mbele ya Nyumba

Vikombe havikuwa vya Mama. Hilo ndilo alilolitambua Jumrah kwanza asubuhi ile ya Ijumaa, kabla hata hajanawa uso. Chini ya nyumba, kwenye mkeka aliokalia jana akifunga mbegu za mwani kwenye kamba, palikuwa pamepangwa vikombe vya kahawa vyenye ua jekundu ubavuni. Vikombe vya Hasmi, mke wa kaka yake. Vile vya Mama, vyeupe, vingi vimekatika mikono, vilikuwa vimetiwa kwenye ndoo na kufunikwa gazeti kuukuu, kama vitu vya marehemu vinavyongoja kugawiwa.

Jumrah alivitazama vikombe vya ua jekundu akajua kila kitu. Kitongojini kwao nyumba ikihamishwa, watu hawaulizi ni ya nani. Wanatazama wanakunywa kahawa ya nani.

Nyumba ilikuwa inahama kwa sababu kiwanja kilikuwa kimekwisha. Bahari ilianza na mikoko, ikaja kwenye choo, ikaung'oa mnazi alioupanda marehemu baba yao, na msimu huu maji yakijaa yalipita chini ya sakafu na kuondoka na kuku. Mkuu wa kijiji alikuja, akatazama, akasema ardhi ikishaingia majini si ya mtu tena. Akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Lakini nyumba za kwao ni za mbao, zimesimama juu ya nguzo, na nguzo zimekaa juu ya mawe bapa, hazikuchimbiwa. Ardhi ikifa, nyumba haifi nayo. Wanaume hufunga mianzi kwenye nguzo, huingiza mabega, huiinua nzima nzima na bati lake, huenda nayo polepole kama watu wanaobeba jeneza.

Baba alipokufa, Kahar, mtoto wa kwanza, alirithi mashua na mabwawa ya samaki. Hakuna aliyenung'unika, ndiyo desturi. Nyumba humwendea binti wa mwisho, yule anayebaki na wazazi. Aliyebaki ni Jumrah. Aliacha shule darasa la nne, mwaka ambao Mama alipooza upande mmoja, akawa mkono wa Mama na mguu wa Mama. Kahar wakati huo alikuwa ng'ambo, Kalimantan, kwenye mashamba ya michikichi. Alirudi Mama alipokwisha kuzikwa, akalia sana, akakaa. Na baada ya kukaa akaanza kupanga.

“Nyumba tutaileta nyuma ya kwangu,” alimwambia Jumrah. “Mbele atakaa yule mnunuzi wa mwani wa mjini. Nyuma tutaweka magunia. Wewe utalala jikoni kwa wifi yako, na watoto. Utakuwa na watu. Upweke si kitu kizuri kwa msichana.”

“Ndiyo, Kaka,” alisema Jumrah.

Alisema ndiyo kwa sababu kamba za mwani zilikuwa zinamngoja, na mgongo ulikuwa unamuuma. Tena tangu utotoni neno “hapana” lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na watu wengi wa kitongoji hawakuwa wameisikia sauti yake vizuri.

Lakini jioni, akimaliza kufunga mwani, alikuwa akiokota mawe bapa ufukweni na kuyapeleka, moja moja, kwenye kiwanja cha mama mdogo wake Saenab, kule kushoto karibu na bwawa. Saenab alikuwa mjane asiye na mtoto, mwenye ulimi usio na mlango. Siku moja alikuwa amemwambia Jumrah, “Kiwanja changu kikubwa, mimi mwenyewe mdogo. Ukichoka kusema ndiyo, njoo.” Basi. Hawakuongea tena. Mawe yalipoanza kupangika kwa mistari, jirani aliuliza ni ya nini.

“Banda la bata,” alijibu Saenab.

“Bata gani hao wa kujengewa nyumba ya nguzo?”

“Bata wangu wana heshima zao. Wewe bata wako wanalala matopeni kama mwenyewe.”

Jumrah alicheka siku ile. Halafu hakufikiria zaidi. Kuokota mawe ni jambo moja, na kuwaambia wanaume wa kitongoji kizima kwamba kaka yako amekosea ni jambo lingine. Alijua ataamka Ijumaa, atakaa kando, nyumba itapita kulia, naye atachukua mto wake aende jikoni kwa Hasmi. Kuchoka kukizidi kunafanana na kukubali.

Baada ya sala wanaume walimiminika, wengine bado na kofia zao za msikitini. Walikunywa kahawa, wakala vitumbua na ndizi zilizopikwa ndani ya majani, wakavisifu vikombe. Haji Palallo, aliyekuwa akiongoza uhamisho wa nyumba tangu meno yake yakiwa yote, alizunguka akigonga kila fundo la kamba kwa fimbo.

“Nani kafunga hili?”

“Mimi, Haji.”

“Unafunga mwanzi au unafunga kitambi? Kaza!”

Kahar alivua shati na kuingia chini kabisa, katikati, palipo pazito. Ndivyo alivyokuwa Kahar. Hakuwa mvivu wala hakuwa mwizi. Alikuwa amezoea tu kwamba akisema jambo, Jumrah anaitika.

Kikabaki kitu kimoja. Mbele ya nyumba inayobebwa hutangulia mwanamke na mtungi wa maji uliotoka jikoni mwa nyumba hiyo, yule atakayewasha moto wa kwanza nyumba ikishatua. Wanaume walio chini hawaoni njia. Wanaona visigino vya aliye mbele yao, na walio mbele kabisa wanaufuata mtungi. Siku hiyo mtungi ulikuwa wa Hasmi kuubeba, na hilo hata Hasmi alilijua. Lakini alikuwa ameacha mchuzi wa mbuzi motoni kwake, na mtoto mmoja alikuwa amelala na homa.

“Jumrah, hebu beba wewe,” alisema, akimtwika mtungi kichwani kama mtu anayemkabidhi mwenzake ufagio. “Mimi nikimbie, mchuzi utashika chini. Nenda nao tu mpaka uani kwangu, unautua pale, nitaupokea.”

Akaondoka mbio, khanga mkononi. Jumrah alibaki amesimama na maji ya Mama kichwani.

“Bismillahi!” alipaaza sauti Haji Palallo. “Mabega! Moja, mbili...”

Nyumba ilinyanyuka. Mbao zililia, bati likatetemeka, mawe yakabaki chini yakiwa na alama nyeupe za nguzo. Jumrah alianza kutembea. Nyuma yake alisikia pumzi za watu, nzito, za pamoja, na utani uliokuwa ukitokea katikati ya pumzi.

“Nani hasukumi huku? Naona kama nabeba peke yangu!”

“Wewe umening'inia, hujabeba!”

Walipita visima. Walipita vichanja vya kukaushia mwani, ambako wanawake walisimama kuwapisha. Mbele ulionekana msikiti, na pale msikitini njia inagawanyika. Kulia ni kwa Kahar, kushoto ni bwawani.

Jumrah hakuwa ameamua. Angeulizwa baadaye angeapa. Alichokumbuka ni kwamba shingo ilikuwa inamuuma, na kwamba njia ya kulia ilikuwa na moshi wa mchuzi wa Hasmi na kelele za watoto ambao kesho angewaogesha, na kesho kutwa, na kila siku baada ya hapo. Miguu yake ilikwenda kushoto, ilikozoea kupeleka mawe.

Nyumba ikamfuata.

“Aa!” sauti ya Kahar ilitoka chini ya sakafu. “Mbona jua limenigeukia? Tunakwenda wapi? Kulia! Haji, kulia!”

“Usitikise!” walimjibu waliokuwa naye. “Utatuua!”

“Nimesema kulia!”

“Ndugu yangu, hii ni nyumba, si punda!”

Kahar hakuweza kutoka. Angeuacha mwanzi wake, bega la mwenzake lingevunjika, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Basi akawa anabeba huku anapiga kelele, na kadiri alivyopiga kelele ndivyo alivyozidi kusogea kushoto, hatua kwa hatua, pamoja na nyumba. Watu wa mbele walianza kucheka. Kicheko kiliwapunguzia nguvu, nyumba ikayumba, na Haji Palallo akagonga fimbo yake kwenye ngazi.

“Simama! Tua polepole! Tua!”

Nyumba ikakaa katikati ya njia, mbele ya msikiti. Wanaume walitambaa kutoka chini wakishika viuno. Kahar alitoka wa mwisho, jasho linamtiririka, uso umeiva.

“Jumrah! Una wazimu?”

Jumrah alisimama na mtungi kichwani, akitazama vidole vyake vya miguu. Hakugeuka. Hakurudi pia.

“Haji, mwambie arudi,” alisema Kahar. “Watu wamekunywa kahawa yangu.”

“Kahawa yako tumekunywa, na Mungu akuzidishie,” alisema Haji Palallo, akijifuta shingo. “Lakini nimehamisha nyumba tangu hujazaliwa, na sijawahi kuona nyumba ikifuata kahawa. Nyumba inafuata maji. Nani alimpa huyu binti mtungi?”

Watu waliangaliana.

“Mimi sikumpa,” alisema Kahar.

“Wifi yake kampa,” alisema mwanamke mmoja kutoka vichanjani, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. “Tumeona sote. Kamtwika mwenyewe.”

“Basi mmeshamaliza nyumbani kwenu,” alisema Haji. “Msitulete sisi kwenye ugomvi, sisi ni mabega tu. Binti, mbele kuna mawe?”

Jumrah aliitikia kwa kichwa, na maji yakamwagika kidogo begani.

“Yapo!” Saenab alipayuka kutoka kwenye uzio wake. “Yapo tangu mwezi uliopita! Bata wamechoka kungoja!”

Hapo walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kahar hakucheka. Alisimama, akamtazama dada yake kwa muda, akawatazama watu, akaona kwamba hakuna atakayeigeuza nyumba kwa ajili yake jua likiwa kali vile. Akavaa shati lake akaondoka. Haji aliita tena mabega, na mahali pa Kahar pakaingia watu wawili.

Nguzo zilikaa juu ya mawe, nyingine sawasawa, nyingine kwa kubandikwa vipande vya mbao. Ilibaki tabu ya chakula, maana sufuria zilikuwa kulia na nyumba ilikuwa kushoto.

“Leo tumefunga, jamani,” alilalamika mmoja.

Wakatumwa vijana wakazichukua. Hasmi alikuja nyuma yao, analia kwa hasira, mwiko mkononi. “Basi na mchuzi wangu nao uufuate mtungi!” alisema, lakini alipakua, na alimpakulia kila mtu nyama, kwa kuwa aibu ya kunyima chakula ingekuwa kubwa kuliko ile nyingine. Hakumtazama Jumrah hata mara moja.

Jumrah aliwasha moto. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukamwingia machoni. Hakuona furaha aliyodhani angeiona. Aliona tu sakafu inayotakiwa kufagiliwa, ukuta uliofunguka pembeni, na kesho yenye mwani wa kufunga kama kawaida.

Alasiri, watu walipokwisha kuondoka, Kahar alikuja. Alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, mgongo kwa nyumba. Jumrah alimletea wali na vipande vya nyama alivyomwekea, akakaa ngazi ya tatu.

“Umenidhalilisha,” alisema Kahar.

“Ndiyo, Kaka.”

“Ungeniambia. Ningekataa, lakini ungeniambia.”

Kahar aliweka sahani chini.

“Ndiyo, nyumba ni ya binti wa mwisho, najua. Sikutaka kukunyang'anya. Nilitaka tu nami nikae na kitu ambacho Mama alikuwa ndani yake. Sikuwepo, Jumrah. Nyumba ndiyo ilikuwepo.” Alikuna bega lake lililochubuka. “Kila nikikuuliza kama aliniulizia, unaniambia alinisalimu. Alinisalimu, basi. Kama mtu aliyepita njiani. Hakuwa na neno lingine?”

Jumrah alitazama mikono yake, iliyochanika kwa kamba na chumvi. Alikuwa amechoka mno kutafuta neno jingine la kumstahi.

“Hakukuulizia,” alisema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. “Alikuita. Macho yalipoacha kuona kabisa alikuwa akikuita wewe kutwa. Mwanzoni nilimwambia, Kahar hayupo, Mama, ni mimi Jumrah. Akawa analia kama mtoto. Basi nikaacha kumwambia. Akiita Kahar, naitika. Nimemlisha hivyo, nimemwogesha hivyo. Amekufa kaushika mkono wangu, anakushukuru wewe, na jina langu hakulitaja. Watu wanasema nimechoka kwa kumbeba. Kumbeba hakukunichosha, Kaka. Kilichonichosha ni kuitika jina lako.”