Betri Kutoka Kimuli

Aimable alikuwa anakaza waya mwekundu kwenye betri ya sola iliyokaa juu ya kaunta ya duka lake la kompyuta, Nkwenda. Leonidas wa bodaboda, aliyeileta, alikuwa bado anacheka.

"Fundi, umewahi kuona mteja anakuja dukani na umeme wake?"

"Bado. Shika hapo."

Mwenye betri alikuwa Kemilembe, aliyekuja kununua laptopu. Alikuwa mwalimu wa chekechea Kimuli, na chuo kilikuwa kimemkubali asome diploma kwa mtandao. Mama yake hakuweza tena kuinuka kitandani bila kushikwa. Basi ilikuwa asomee nyumbani au asisome, na nyumbani umeme ulikuwa huo wa betri tu.

"Dada, ungeniuliza kwa simu kama betri yako itachaji laptopu," Aimable alisema.

"Ungenijibu ndiyo. Pasi nayo niliuziwa kwa ndiyo ya simu, na betri haikuiweza."

Alikuwa amechagua laptopu kubwa, yenye kioo kipana. Aimable akaiunganisha kupitia inveta, kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Taa ya chaji ikawaka, kisha inveta ikapiga kelele na kuzima. Wakajaribu tena. Ikazima tena.

Kemilembe akajifunga kanga upya, akamtazama Leonidas kama mtu aliye tayari kuondoka.

"Kaa kwanza," Aimable akasema. "Betri yako si mbovu. Hii mashine ndiyo inakula sana."

Akashusha rafuni laptopu nyingine, ndogo, iliyokwisha kutumika, imechubuka kona moja. Akatoa chaja ya gari kwenye droo, akaifunga moja kwa moja kwenye betri, bila inveta, na waya wake kama wa simu akauchomeka kwenye laptopu.

Taa ikawaka. Wakangoja. Ikaendelea kuwaka.

"Inatosha kusomea?"

"Kuandika na kusikiliza darasa, inatosha. Michezo ya magari, hapana."

"Hiyo ni ya Leonidas."

Aimable akaandika jina la Kemilembe kwenye kioo cha laptopu hiyo ndogo, akaanza kuingiza programu. Mtandao ulikuwa mzito. Jua lilipoinama, kazi haikuwa imefika hata nusu, na mama nyumbani alihitaji taa ya betri ile.

Leonidas akaifunga betri kwenye pikipiki. Laptopu ikabaki kwenye umeme wa duka.

"Na mtandao ukikatika," Kemilembe akauliza akiwa ameshapanda, "masomo yanaweza kubaki ndani ya laptopu?"

"Yanaweza. Kesho ukija kuichukua nitakuonyesha, ukifanya mwenyewe."